Maziwa ya Talaso

Njia ya miguu itokayo kisima cha Orbora hadi chini ya Mlima Hurre ilikuwa imenyooka hapo zamani. Mwenye macho mazuri aliweza kusimama kisimani asubuhi akauona mlima mbele yake, mdogo, wa buluu, na kama angetembea bila kugeuza kichwa angeufikia siku ya sita. Leo haiko hivyo. Ikifika katikati ya jangwa, njia hiyo hujikunja kuelekea mashariki, ikazunguka vilima vya mawe meusi, ikamla msafiri nusu siku nzima, ndipo irudi mahali pake. Mliopita huko mmeiona. Sasa sikilizeni ilivyopata kupinda, kwa sababu kupinda kwake na sumu ya mwaridi wa jangwani ni habari moja.

Siku hizo mwaridi ulinyweka. Shina lake lilikuwa limevimba chini kama lilivyo sasa, mfano wa kibuyu kilichozikwa nusu, lakini ndani mlikuwa na maji matamu, yaliyobaki baridi hata jua la saa saba. Miwaridi ilisimama kandokando ya njia, mmoja hapa, mwingine mwendo wa asubuhi moja mbele, na kwa ajili hiyo njia ilinyooka, maana watu walitembea kutoka shina hadi shina. Msafiri alitoboa kwa mwiba wa mgunga, akakinga kiganja, akanywa viganja vitatu, kisha akaziba tundu kwa gundi ya mgunga huohuo. Asiyeziba hakuwapo. Digidigi nao walikuja kulamba palipolowa, na firigogo, yule ndege wa rangi ya mchanga, alitembea katikati ya miguu ya watu akidonoa, wala hakumwogopa mtu.

Kazi ya kuiangalia miwaridi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja aitwaye Molu. Kila kiangazi aliifuata njia yote peke yake, mkoba wa gundi begani, akiziba nyufa na kuwafukuza nungunungu waliochimba mizizi. Alipokufa kwa homa, mke wake Talaso alikuwa na mimba ya miezi mitano, na hakuna aliyemwambia aichukue kazi hiyo. Aliuchukua tu ule mkoba siku matanga yalipokwisha, akaondoka. Watu walimwona mbali akiinama kwenye shina moja na jingine, tumbo limemtangulia, wakasema huzuni ina njia zake.

Talaso alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Kabla ya kufa Molu alikuwa amempeleka kwenye korongo lililojificha nyuma ya mawe, hatua chache tu kutoka njiani, palipokuwa na miwaridi mikongwe, minene kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kuikumbatia. Hiyo ndiyo iliyotoa machipukizi ya mingine yote. Molu alimwambia asimwonyeshe mtu mpaka siku ambayo kutomwonyesha kungekuwa mauaji.

Siku hiyo ilifika mtoto wake Elema akiwa na miezi minne. Mvua zilikosa mara mbili mfululizo. Kisima cha Orbora kikabaki tope, miwaridi ya njiani ikakauka, ngamia wakaanza kulala bila kuinuka, na habari zikaja kwamba huko Hurre mawingu yameonekana. Kundi lote likaamua kuhama. Aliyeliongoza alikuwa Wako, mdogo wake Molu, mtu mwenye sauti ya upole na mkono mwepesi wa kazi, aliyependwa. Mke wake alikuwa amemwacha na binti mmoja wa miaka saba, Darmi, akaenda zake kwao. Darmi alikulia mgongoni mwa Talaso kabla Talaso hajapata wa kwake, na alimwita mama mkubwa kwa namna ambayo watoto wengine humwita mama.

Siku ya tatu ya safari hakukuwa na ngamia aliyeweza kufika ya nne. Wako alimjia Talaso asubuhi, akachuchumaa mbele yake, akamwambia anajua kaka yake hakuwa mtu wa kukosa akiba. Hakumkaripia. Alimwonyesha kwa kidole watoto waliolala kwenye vivuli vya ngamia. Talaso naye alikuwa amechomwa na mwiba siku iliyotangulia, mguu umevimba hadi kwenye goti, na alijua hatafika mlimani kwa miguu yake. Akasema atawapeleka. Aliomba mambo mawili tu. La kwanza, watu na wanyama wanywe kwa utaratibu wa siku zote, na kila tundu lizibwe. La pili, apewe ngamia mmoja wa kumbeba yeye na mtoto.

“Kwa jina la kaka yangu,” alisema Wako, “yote mawili.”

Basi akawaongoza hadi korongoni. Walipoiona miwaridi ile wengine walikaa chini wakalia. Talaso aliwaonyesha mahali pa kutoboa, kisha akamfunga Elema mgongoni, akajikokota kwenda upande wa pili wa kilima kutafuta migunga, kwa kuwa gundi iliyokuwa mkobani isingetosha matundu yote hayo. Huko alikaa sana. Mguu ulimuuma, na gundi ya kiangazi hutoka kidogokidogo.

Aliporudi alisikia mashoka kabla hajaona kitu.

Walikuwa wameiangusha miwaridi. Mashina yalikuwa yamepasuliwa katikati na kulazwa chini kama mahori, na ngamia walikuwa wameingiza vichwa humo, shingo kwa shingo, wakinywa kwa sauti. Maji mengine yalikuwa yakimwagika mchangani na hakuna aliyeyajali. Talaso alisimama na gundi yake mikononi. Wako alimwona, akaja, wala hakuwa na haya usoni, alikuwa na uchovu tu. Alimwambia kwamba kutoboa kungechukua siku mbili, na siku mbili hawakuwa nazo.

“Mti hauzai ndama, shemeji,” akasema.

 Talaso aliuliza tu ngamia wake ni yupi. Hapo ndipo Wako alipotazama pembeni. Akaeleza kwamba waliobaki na nguvu ya kubeba ni wachache, nao wamebeba nguzo za nyumba, mikeka na watoto. Kwamba mguu ule haukufaa kutikiswa. Kwamba angekuwa salama zaidi hapo kivulini. Walikuwa wamemwachia mwaridi mmoja, ule wa mwisho korongoni, na kibuyu kimejaa. Siku nne, alisema. Angewafikisha watu, kisha angegeuka na ngamia aliyepumzika, akitembea usiku na mchana. Darmi aliposikia alishuka kutoka juu ya ngamia wake, akasema mama mkubwa na Elema wapande, yeye atatembea. Baba yake alimwinua akamrudisha juu. Watu wazima wote walikuwa wakimsikia mtoto yule, na wote walikuwa wakikaza kamba za mizigo.

Wakaondoka jua likiwa juu.

Siku ile Talaso aliziba visiki vilivyozibika. Vingi vilikuwa vimeshapoteza kila kitu. Alipoufikia ule mwaridi mmoja ulioachwa, aliona kwamba shoka la mtu lilikuwa limeteleza likaupiga kwenye mzizi, na mchanga wa chini yake ulikuwa umelowa tangu asubuhi. Shina liliposhikwa lilibonyea kama ngozi ya kiriba kitupu. Kwa hiyo kilichobaki ni kibuyu.

Alikunywa kidogo ili maziwa yasikatike. Siku ya nne alipanda juu ya mawe akatazama kaskazini hadi macho yakamwasha. Siku ya tano akapanda tena. Siku ya sita hakupanda, mguu ulikuwa na joto na kibuyu kilikuwa kikavu, na Elema alipovuta ziwa aliachia akalia bila machozi.

Katika korongo lile palikuwa na firigogo aliyelea vifaranga vitatu chini ya kichaka. Kila asubuhi dume alikuja kutoka mbali sana, manyoya ya kifuani yamelowa, akasimama wima, na vifaranga wakaja kukamua manyoya kwa midomo yao. Ndege yule alipita karibu na Talaso kila siku. Siku ya saba Talaso alimnyooshea mkono kama mtu anayetaka kumpapasa, akamkamata. Akambana kifua juu ya mdomo wa Elema. Yalitoka matone manane, pengine tisa. Mtoto aliyameza. Talaso akamwachia, ndege akaruka upande upande, bawa limeteguka.

Hakurudi kesho yake. Vifaranga walilia asubuhi nzima chini ya kichaka, kisha wakanyamaza, na Talaso, aliyekuwa amelala hatua kumi kutoka kwao, alisikia waliponyamaza. Alasiri Elema naye akanyamaza. Hakujua ni saa ngapi hasa. Alikuwa amemweka kifuani, akasinzia, na alipozinduka mtoto alikuwa mzito kwa namna nyingine.

Alimfukia kwa mikono, akapanga mawe juu ili mbweha wasimfukue. Kazi hiyo ilimchukua hadi asubuhi ya pili, maana kila jiwe alilivuta akiwa ameketi. Na alipoweka la mwisho, wingu dogo lilitokea kusini, wingu ambalo halikuwa hata na ngurumo, likasimama juu ya korongo na kumwaga mvua iliyodumu muda wa kuchemsha chai. Mashimo ya miambani yakajaa. Talaso alilala kifudifudi akanywa, si kwa kutaka, mwili ulikunywa wenyewe. Alikunywa siku hiyo na siku iliyofuata. Homa ikashuka, mguu ukaanza kunywea.

Na siku ya tatu maziwa yakarudi.

Yalirudi kwa wingi, kama kwa mwanamke aliyejifungua jana. Matiti yalijaa yakawa magumu, yakauma, nguo ikalowa mbele. Hapakuwa na wa kuyanyonya. Wakati Talaso alipoketi pale akitazama nguo yake inavyolowa, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, na hakulia kwa huzuni. Alilia kama mtu aliyetukanwa. Hakutaka kuyamwaga mchangani. Akaenda kwenye kisiki kimoja kilichokuwa na jeraha refu lililo wazi kama mdomo, akapiga magoti, akakamulia humo. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, siku baada ya siku, na kila mara alimtaja Wako kwa jina, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutamka.

Kisiki kilikunywa yote. Baada ya siku chache jeraha lilifumba. Shina likavimba upya, likatoa matawi manene yasiyo na jani hata moja, na kwenye ncha za matawi hayo, katika ukame ule ambao hata mshubiri ulikuwa umesinyaa, yakachanua maua mekundu yenye koo jeupe. Talaso hakuwahi kuona miwaridi ikitoa maua. Zamani haikutoa.

Siku moja digidigi alikuja, akanusa, akauma tawi changa. Majimaji meupe yalimchuruzika mdomoni. Hakumaliza kutafuna. Miguu ya mbele ilikunjika, kisha ya nyuma, akalala ubavu akipiga mchanga kwa kwato, akatulia. Talaso alimwangalia kwa muda mrefu. Aligusa majimaji yale kwa ncha ya ulimi, akatema, na ulimi ukafa ganzi hadi jioni. Tangu hapo alijua kilichokuwa ndani ya mti ule na kimetoka wapi.

Angeweza kwenda. Mguu ulikuwa umepona, na Orbora, kama mvua ilikuwa imepita huko pia, ingekuwa na maji. Hakwenda, kwa sababu ya yale mawe aliyoyapanga. Aliishi kwa maji ya miambani na matunda ya mti wa mswaki, na alipunguza maneno mpaka akawa hasemi hata peke yake.

Wako alirudi mwezi wa pili tangu aondoke. Hakurudi na ngamia. Alitokea kwenye mdomo wa korongo saa sita mchana, midomo imepasuka, amembeba Darmi mgongoni. Hurre hakukuwa na mvua. Mawingu yalionekana, yakapita. Ngamia walikufa mmoja mmoja chini ya mlima, watu wakatawanyika, na yeye alikuwa akijaribu kurudi Orbora na mtoto wake. Aliyasema hayo kwa kukatakata. Kisha akauliza Elema yuko wapi, na Talaso akaelekeza kidevu kwenye mawe.

Wako aliyatazama mawe. Alisema hapakuwa na njia nyingine. Alisema kila siku alikuwa amekusudia kugeuka. Talaso alimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Alikuwa na maji kibuyuni, machache, ya mwisho kutoka miambani, na hayo alimpa Darmi. Mtoto alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akainama juu yake akinywa. Wakati huohuo Wako alikuwa ameshauona mwaridi. Aliuona ulivyonenepa. Akachomoa kisu.

“Huo unaua,” alisema Talaso.

Ilikuwa sauti yake ya kwanza baada ya siku nyingi, ikatoka chini, yenye mkwaruzo. Wako aligeuka. Akamtazama yeye, akautazama mti, kisha akatazama tena yale mawe, na mtu angeweza kuona alivyokuwa akifikiri. Alikuwa akifikiri kwamba yeye mwenyewe angesema hivyohivyo.

“Una haki ya kuninyima, shemeji,” akasema. “Lakini sitakufa kwa kiu mbele ya maji.”

Hatua tano tu kutoka hapo ilikuwako mifupa ya digidigi, na tawi lililoumwa karibu nayo. Talaso angeweza kuinyooshea kidole. Angeweza kusimama akamshika mkono, maana Wako alikuwa amedhoofika, hata mtoto angemwangusha. Alikuwa ameketi, mikono mapajani, na aliendelea kuketi. Alikuwa amemwambia mara moja. Hakumwambia mara ya pili.

Darmi aliinua uso kutoka kibuyuni kwa sababu ya kishindo. Alimwona baba yake chini, povu jeupe mdomoni, akipiga mchanga kwa visigino. Na alimwona mama mkubwa, ameketi vilevile, akitazama. Hicho ndicho alichokiona, nacho ndicho alichokishika maisha yake yote.

Talaso alimbeba mtoto yule hadi Orbora siku tatu, akimpa matunda ya mswaki na umande aliofyonza kwenye nguo. Kisimani walikuta maji na watu. Alimlea. Alimsuka nywele, akamtengenezea mikeka ya nyumba yake ya ndoa, akampa kila alichokuwa nacho, na Darmi alipokea kila kitu kwa adabu. Lakini neno mama mkubwa halikutoka tena kinywani mwake. Alipomhitaji alisema, “Wewe,” na mbele za watu alisema, “Mke wa Molu.”

Miaka ikapita. Upepo ukabeba mbegu za mwaridi ule mmoja, mbegu zenye nywele laini kila upande, ukazipanda kando ya njia yote mahali pa ile ya zamani iliyokufa. Watu wakajifunza kwa misiba. Darmi akawa mwanamke mwenye ngamia wengi na sauti yenye uzito barazani, na kila alipohamisha mifugo kwenda Hurre aligeukia mashariki kabla ya korongo. Hakueleza. Waliomfuata wakazoea, ngamia wakazoea kabla yao, na wayo ukafuata wayo mpaka njia ya zamani ikafukiwa na mchanga.

Talaso alipokuwa mzee na macho yamefifia, alimwita Darmi akamwambia jambo alilolibeba muda wote huo.

“Nilimwambia,” alisema. “Ulikuwa unakunywa maji, hukusikia. Nilimwambia unaua.”

Darmi alikuwa akimkanda miguu. Hakuacha kumkanda.

“Nilisikia,” akasema. “Ulimwambia kwa sauti ya mtu anayeomba asisikike.”

 Hawakuzungumza jambo hilo tena, na kabla ya mvua zilizofuata Talaso alikufa. Darmi alimzika Orbora. Watu walimshauri ampeleke korongoni akalale karibu na mwanawe, naye akasema hana njia inayopita huko.

Na tangu siku za maziwa yale mwaridi wa jangwani huchanua wakati kila kitu kimekauka, bila jani hata moja, na anayeukata hukuta majimaji meupe mahali palipokuwa na maji. Mbuzi huupita. Wawindaji hupaka majimaji hayo kwenye mishale, na wakimaliza husugua mikono kwa mchanga kabla ya kumshika mtoto. Firigogo dume bado huleta maji kifuani, lakini akifika kisimani hutua mbali, akatazama kila upande, akanywa haraka haraka na kuruka, na binadamu akinyoosha mkono huwa ameshaondoka. Njia nayo hupinda. Wageni wakifika pale huona mbele yao maua mekundu yamejaa jangwa tupu, huuliza kwa nini tusipite moja kwa moja.  Wenyeji hugeukia mashariki, wakaendelea kutembea na kiu yao.